Mfupa Uliopotea Unaota Tena? Swali Lililonishinda Darasani

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Biolojia, kidato cha tatu. Mada ilikuwa mwendo na mifupa ya binadamu. Nilijiandaa vizuri tu: chati ukutani, mifupa 206, kazi za mifupa, aina za maungio. Dakika kumi kabla ya kengele nikauliza kama kuna mwenye swali. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akaomba aulize kwa Kiswahili. Nikamwambia uliza.

"Mwalimu, mfupa ukivunjika unaunga. Je, kipande kikitoka kabisa, kikabaki barabarani, kinaota kingine?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nikamjibu, "Hapana, hakioti," kwa ule uhakika wa mtu mwenye chaki mkononi, tukaendelea na maungio. Baadaye ofisini mwalimu wa darasa akanieleza kwamba kaka yake yule binti ni dereva wa bodaboda. Aligongwa na gari, kipande cha mfupa wa muundi kikapotea palepale, na ulikuwa mwezi wa tisa yuko nyumbani na vyuma vya nje mguuni, vile ambavyo mtaani tunaviita antena. Yule binti hakuuliza kwa ajili ya mtihani. Alikuwa anamuulizia kaka yake.

Tangu siku ile nimesoma sana kuhusu mifupa, zaidi ya nilivyosoma kwa ajili ya UE yoyote, na nimegundua kwamba jibu langu lilikuwa nusu sahihi, nusu kosa. Kuna watu duniani wanaochapa viunzi vya mfupa kwa printa, wanavipandikiza mahali palipobaki wazi, na mfupa wa mgonjwa mwenyewe unaota ndani yake. Nataka nieleze kazi hiyo inavyokwenda, halafu niseme kwa nini sisi wanachuo tumekuwa tukiijadili vibaya. Tunaishangilia kama muujiza wa wazungu au tunaibeza kama anasa isiyotuhusu. Mimi nasema haitatusaidia mpaka ianze kubuniwa kutoka kwenye wodi zetu, na maandalizi ya hilo yanaweza kuanza hapahapa chuoni.

Tuanze na mfupa wenyewe

Kosa langu la kwanza darasani lilikuwa kuufundisha mfupa kama nondo iliyosimamisha nyumba. Mfupa uko hai. Una mishipa ya damu, una seli zinazojenga na seli zinazobomoa, na kazi hiyo haisimami hata ukiwa umelala. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini, hasa aina ya kalsiamu na fosfeti iitwayo haidroksiapataiti. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Madini yanaupa ugumu, kolajeni inaupa unyumbufu. Ukitoa madini mfupa unapinda kama mpira. Ukitoa kolajeni unavunjika kama kigae.

Mfupa ukivunjika, kwanza damu inaganda mahali pa jeraha. Baada ya hapo kunaota gegedu laini, gegedu linageuka mfupa mchanga, na kwa miezi au hata miaka mfupa huo unachongwa upya mpaka unakaribia umbo lake la zamani. Hogo, ile plasta ngumu, haliponyi chochote. Kazi yake ni kushika tu, ili mwili ufanye kazi yake bila kusumbuliwa. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ukiutumia unakuwa imara, ukiuacha bila kazi unakonda. Kumbuka hilo, tutalihitaji mbele.

Lakini uwezo huo una mpaka. Pengo likiwa kubwa, tuseme sentimita mbili na kuendelea kwenye mfupa mrefu, mara nyingi ncha mbili haziwezi tena kukutana. Nyama inaingia katikati, ncha zinaziba, na mwili unakata tamaa. Hapo ndipo alipo kaka wa yule binti. Kwa hiyo "hakioti" ni kweli, kama utaliacha pengo kama lilivyo.

Kinachofanyika sasa

Njia inayoaminiwa zaidi duniani ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida kutoka kwenye ukingo wa nyonga, na kuupandikiza kwenye pengo. Ni njia nzuri kwa sababu mwili hauukatai mfupa wake, na mfupa huo unakuja na seli hai. Ubaya wake ni kwamba unatibu jeraha moja kwa kufungua jingine. Wagonjwa wengi hulalamikia maumivu ya nyonga kwa muda mrefu. Na nyonga si ghala: mfupa unaoweza kutolewa pale una kiasi chake.

Njia ya pili ni ile aliyoianzisha Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mguu unazungushiwa pete za chuma, mfupa mzima unakatwa kwa makusudi, halafu kipande kinavutwa taratibu kuelekea kwenye pengo, milimita moja kwa siku. Nyuma yake mfupa mpya unaota. Piga hesabu: pengo la sentimita 6 ni siku 60 za kuvuta tu, na bado kuna miezi ya kusubiri mfupa mpya ukomae. Mtu anayeishi kwa hesabu ya kila jioni ya pikipiki, kwamba leo nimepata hesabu ya bosi au sijapata, miezi yote hiyo ni nyumba nzima kukaa bila chakula.

Hapa ndipo wanapoingia watu wa printa.

Kiunzi ni nini

Sisi wa ualimu neno hili tunalijua kutoka upande mwingine. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross waliazima picha ya majukwaa ya mafundi ujenzi kuelezea msaada ambao mwalimu anampa mwanafunzi mpaka aweze kusimama mwenyewe. Tumeliandika kwenye mitihani mara ngapi sijui. Wahandisi wa mifupa nao waliazima picha ileile. Kwa Kiswahili nitaita kiunzi.

Kiunzi cha mfupa ni kitu chenye matundu mengi kama sponji, kinachotengenezwa kwa umbo la pengo la mgonjwa. Picha za skani ya mguu wake zinaingizwa kwenye kompyuta, umbo la kipande kilichokosekana linachorwa, na printa inakijenga tabaka juu ya tabaka. Malighafi zipo za aina nyingi. Kuna plastiki iitwayo polikaprolaktoni, ambayo inalainika kwenye nyuzi joto kama 60 tu, kwa hiyo ni rahisi kuichapa, na mwilini huyeyuka polepole kwa miaka miwili mitatu. Kuna madini kama trikalsiamu fosfeti na ile haidroksiapataiti, ambayo mfupa unayatambua kama ndugu. Mara nyingi huchanganywa, plastiki kwa ajili ya unyumbufu na madini kwa ajili ya kuvuta seli.

Kuna pia kioo. Ndiyo, kioo. Mwaka 1967 Mmarekani Larry Hench, mtaalamu wa kauri, alikuwa kwenye basi na ofisa wa jeshi aliyetoka Vietnam. Ofisa akamwambia kwamba askari wanakatwa miguu kwa sababu mwili unakataa vyuma na plastiki. Akamuuliza kama hawezi kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Mwaka 1969 Hench na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida walipata kioo chenye kalsiamu na fosfeti ambacho mfupa ulikishika moja kwa moja. Napenda kisa hiki kwa sababu kilianza na mtu aliyeona jeraha akamuuliza mtu aliyejua kauri. Nitakirudia.

Siri ya kiunzi iko kwenye matundu yake. Yakiwa chini ya mikromita 100 hivi, ambao ni unene wa unywele mnene, seli zinapata shida kupita na mishipa ya damu haiingii. Watafiti wengi hupendelea matundu ya mikromita 300 na zaidi. Matundu yakizidi sana, kiunzi kinakuwa dhaifu. Ndiyo maana printa ina maana hapa: inaweza kupanga matundu kwa ukubwa na mwelekeo unaoutaka, jambo ambalo ni gumu ukitengeneza sponji kwa kuoka au kuchanganya kemikali.

Kuna jambo jingine ambalo lilinisimamisha. Mtu angedhani kiunzi kizuri ni kile kigumu kuliko vyote. Sivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Berlin walichapisha kazi waliyoifanya kwa kondoo wenye mapengo makubwa mguuni, wakitumia viunzi vya titaniamu vyenye ugumu tofauti. Viunzi vilivyokuwa laini zaidi vilisaidia mfupa kuota vizuri kuliko vile vigumu. Rudi kwa Wolff: kiunzi kigumu mno kinabeba mzigo wote, mfupa unakaa bila kazi, na mfupa usio na kazi haujengeki. Walimu wenzangu mnaomfanyia mwanafunzi kila swali ubaoni mnaelewa nasema nini.

Kwa hiyo kiunzi hakiponyi mfupa. Kinampa mgonjwa mahali pa kuuotesha mfupa wake, kinabeba kiasi, kisha kile cha kuyeyuka kinaondoka.

Wamefika wapi

Hii si habari ya maabara peke yake. Mwaka 2017 huko Brisbane, Australia, madaktari walimpandikizia kijana mmoja kiunzi kilichochapwa chenye urefu wa kama sentimita 36, kwa sababu maambukizi yalikuwa yameula karibu muundi wote. Bila hicho alikuwa anaelekea kukatwa mguu. Viunzi vidogo vya polikaprolaktoni kutoka Singapore vimetumika kwa miaka mingi kuziba matundu ya fuvu baada ya upasuaji wa kichwa.

Lakini tusidanganyane. Zile video fupi zinazozunguka kwenye simu zetu, mfupa unachapwa kwa sekunde thelathini na mtu anatembea, zinaacha mambo muhimu. Kijana wa Brisbane hakuwekewa kiunzi akaenda nyumbani. Madaktari walilazimika kukizungushia tishu yenye mishipa ya damu kutoka sehemu nyingine za miguu yake mwenyewe, kwa upasuaji wa zaidi ya mara moja, kwa sababu kiunzi kisicho na damu ni plastiki tu. Kwenye mapengo makubwa ya miguu kazi hii bado iko zaidi kwenye majaribio na kwa wagonjwa wachache wanaochaguliwa kwa uangalifu. Na kiunzi ukikiweka kwenye jeraha lenye usaha, unawapa bakteria nyumba yenye vyumba vingi.

Nalisema hili kwa makusudi. Mtu mwenye mguu uliooza atashika tumaini lolote, na sisi tuliosoma tukisambaza video bila maelezo hatuna tofauti na anayeuza dawa ya kila ugonjwa stendi.

"Hiyo siyo ya kwetu"

Nilipoanza kuzungumzia jambo hili pale kwenye vimbweta, rafiki yangu anayesoma udaktari mwaka wa nne alinikatisha. "Wewe unaongelea printa. Mimi wodini nimeona mgonjwa anasubiri upasuaji wiki nzima kwa sababu chumba kimejaa. Jeraha halikusafishwa mapema. Tungesafisha mapema, nusu ya hayo mapengo yako yasingekuwepo."

Nililala na maneno yake. Ana haki, na sitajifanya nimemshinda. Shilingi ya kwanza iende kwenye kofia ngumu, gari la wagonjwa, maji safi na daktari wa kusafisha jeraha siku ileile. Kama kuna kiongozi anataka kununua printa ya mamilioni ili apigwe picha nayo huku wodi haina gozi, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika makala ya kumpinga.

Lakini hoja yake ina sehemu siikubali, ile inayosema teknolojia mpya ni ya wenzetu mpaka sisi tumalize matatizo ya zamani. Ebu tuangalie nani anavunjika. Wanaopoteza vipande vya mfupa barabarani ni vijana wa umri wetu, madereva na abiria wa bodaboda, wapiga debe, wafanyakazi wa viwandani na migodini. Kama tatizo liko kwetu kwa wingi, basi ujuzi wa tatizo uko kwetu pia. Kwa nini ufumbuzi usubiriwe utokee mahali ambapo tatizo ni dogo?

Na tayari tuna mfano wa jinsi inavyoweza kufanyika. Mwaka 1999 daktari wa mifupa wa Kimarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN huko Richland, jimbo la Washington. Aliona kwamba hospitali nyingi za nchi maskini zilikuwa zikipewa vyuma vya kisasa vya kuweka ndani ya mfupa ambavyo haviwezi kutumika bila mashine ya eksirei ya kumulika wakati wote wa upasuaji, mashine ambayo hospitali hizo hazina. Yeye na wenzake wakabuni chuma ambacho daktari anaweza kukifunga kwa skrubu zake bila mashine hiyo, kwa kutumia kifaa cha kulengea. Vyuma vya SIGN vinatumika hata Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI.

Zirkle hakuuliza wodi za maskini zitafikaje kwenye kiwango cha chuma kile. Aliuliza chuma kinapaswa kuwaje ili kifanye kazi kwenye wodi hizo. Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali, lakini la kwanza linakuacha unasubiri na la pili linakupa kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Wala tusiseme hatuna uwezo wa kupima ukweli. Mwaka 2020 jarida kubwa la upasuaji wa mifupa la Marekani lilichapisha jaribio lililofanyika Dar es Salaam kwa wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika muundi na jeraha likawa wazi, likilinganisha chuma cha ndani na vyuma vya nje. Wagonjwa wetu, madaktari wetu, swali letu, na majibu yakasomwa dunia nzima. Kwa hiyo anayeniambia utafiti wa mifupa hauwezekani hapa, namwambia umeshafanyika.

Kiunzi cha kwetu kingekuwaje

Mimi si mhandisi, nitauliza tu maswali ya mwalimu. Kiunzi kilichobuniwa kwa kuanzia wodi zetu kingetakiwa kukaa stoo bila friji, kwa sababu umeme unakatika. Kingetakiwa kusafishwa vijidudu kwa njia ambayo hospitali ya mkoa inayo, na hapo tayari kuna mtego: polikaprolaktoni inalainika kwenye nyuzi 60, kwa hiyo huwezi kuitia kwenye mtungi wa mvuke wa moto kama mikasi. Kingetakiwa kuvumilia jeraha ambalo lilichelewa kufika hospitali, pengine kwa kubeba dawa ya kuua bakteria ndani yake. Na kisitegemee skani ya bei mbaya kwa kila mgonjwa. Labda viwepo vya saizi kadhaa ambavyo daktari anavikata mezani.

Hayo maswali yote ni ya kweli na hakuna hata moja la kuchekwa. Kila moja ni mradi wa mwaka wa mwisho wa mtu.

Malighafi nayo siyo ya mwezini. Mfupa wa ng'ombe ukichomwa kwenye tanuri kwa nyuzi zaidi ya 700, mafuta na protini vinaungua, na kinachobaki ni madini yanayokaribiana sana na ya mfupa wetu. Madaktari wa meno duniani wametumia unga wa mfupa wa ng'ombe kwa miaka mingi. Tanzania ni kati ya nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na mifupa tunaitupa nyuma ya machinjio. (Tafadhali, asitokee mtu akachoma mifupa ya supu ya kafeteria akampaka mwenzake kwenye kidonda. Kati ya unga wa tanuri na mwili wa mtu kuna miaka ya vipimo, kuna kibali cha maadili cha NIMR, kuna TMDA.) Upande wa mashine, vijana wa Dar es Salaam wamewahi kuunda printa za 3D kwa kutumia vipuri vya kompyuta na mashine zilizotupwa. Printa ya namna hiyo haifai kuchapa kitu cha kuweka mwilini kesho, lakini inafaa kabisa kujifunzia.

Kitu tunachokikosa ni yule basi wa Hench. Hapa chuoni mwenye kauri na mwenye jeraha hawapandi basi moja. Watu wa uhandisi wana jengo lao, kemia wana lao, udaktari wako kampasi nyingine kabisa, na sisi wa elimu wanatuona kama watu wa mbao na vifutio. Tunakutana kwenye bonanza na kwenye foleni ya bumu. Mwanafunzi wa uhandisi anamaliza mwaka wa nne kwa kuchapa kishikio cha simu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kilomita chache kutoka hapo kuna wodi yenye vijana thelathini na miguu iliyotundikwa.

Naomba mambo matatu

La kwanza naliomba kwa serikali yetu ya wanafunzi, ambayo gazeti hili ni lake. Kwenye maonyesho ya miradi ya kila mwaka, tengeni kundi moja la miradi ambayo swali lake limetoka hospitalini. Waalikeni madaktari na wauguzi wa mifupa waje semina moja mwanzoni mwa mwaka waseme matatizo kumi yanayowatesa. Wasitoe ufumbuzi, watoe matatizo tu. Kila kikundi kiwe na watu wa idara tatu angalau. Gharama yake ni ukumbi, chai na maandazi. Bonanza linakula zaidi ya hapo.

La pili ni kwamba tuanze kuchapa vitu vya kuwekwa mezani kabla ya kufikiria vya kuwekwa mwilini. Mfano wa mfupa uliovunjika, uliochapwa kutoka kwenye skani ya mgonjwa, unamsaidia daktari kupanga upasuaji na unamsaidia mgonjwa kuelewa atafanyiwa nini. Mfano huohuo, bila jina la mtu, unaweza kwenda shule. Mimi nilifundisha mifupa kwa chati iliyopauka. Wanafunzi wangu hawajawahi kushika umbo la mfupa wa paja mkononi wakatazama ndani yake palivyo na matundu. Mtu akishika kitu chenye matundu haulizi tena kwa nini mfupa unahitaji damu.

La tatu linatuhusu sisi wa elimu, na hili siwezi kumtupia mtu mwingine. Yule binti aliomba ruhusa ya kuuliza kwa Kiswahili, swali zito kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na mimi sikuwa na maneno ya kumjibu. Siku moja mtu atamwekea kaka wa mtu fomu ya ridhaa mezani: tunataka kukuwekea kiunzi, kitakaa miaka mitatu, kinaweza kushindwa. Kama hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kwamba mfupa uko hai, atasaini kwa kuogopa au atakataa kwa kuogopa. Kuandaa somo hilo kwa lugha anayoielewa ni kazi yetu, na haihitaji printa.

Najua kuna atakayesema naota. Sawa. Lakini sijasema kwamba tutapandikiza kiunzi cha kwanza kabla ya mahafali yetu. Hata wenye fedha walianza zamani na bado wanajaribu. Ninachosema ni kwamba teknolojia hii itakapofika kwenye hospitali zetu, na itafika, ama itakuta watu wanaojua kuiuliza maswali, ama itatukuta tunasoma maelekezo ya kwenye boksi.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule binti barua kupitia kwa mwalimu wake wa Biolojia. Nilianza kwa kuomba msamaha kwamba nilimjibu haraka. Nikamwandikia kwamba pengo kubwa haliwezi kujiziba lenyewe, ila mfupa unaweza kuotea ndani yake ukipata kitu cha kuushika, damu ya kuulisha na mzigo wa kiasi. Nikamweleza kuhusu mfupa wa nyonga, kuhusu pete za Siberia, na kuhusu viunzi vinavyochapwa ambavyo bado havijafika kwetu. Nikamwambia pia wahakikishe kaka haachi kwenda kliniki, na kidonda kikianza kutoa usaha wasisubiri tarehe.

Mwalimu wake alinijibu kwa ujumbe wa simu. Kaka bado ana vyuma, wamepewa tarehe ya kupandikizwa mfupa wa nyonga, na familia inachangishana. Yule binti ameisoma barua na ana swali jingine: hivyo viunzi vinasomewa kozi gani?

Nimeandika majina ya kozi tatu kwenye karatasi. Kila moja iko kwenye jengo lake.